Mstari Mweusi Kandoni mwa Kizibo: Je, Jino Limeoza Tena?



Wiki chache zilizopita, tulipotoka katika sala ya Isha, mama mmoja wa mtaani kwetu alinisubiri barazani pamoja na binti yake. Baada ya salamu akaniambia, "Sheikh, nina swali, ila si la kitabu. Ni la meno."

Binti ana umri wa miaka 19. Alikuwa amekwenda kusafishwa meno, na tabibu alipomtazama kinywani akamwambia kwamba magego yake matatu, yaliyozibwa alipokuwa mdogo, yamezungukwa na mstari mweusi. Kwa hivyo vizibo vyote vitatu vitolewe na viwekwe vipya. Gharama iliyotajwa ilizidi kodi ya nyumba yao ya mwezi mzima. Mama akaomba muhula, akampeleka kwa tabibu wa pili. Huyu alimpiga picha, akachunguza kwa utulivu, kisha akasema: magego mawili hayana kitu. La tatu limeoza kweli, lakini si pale penye mstari mweusi, bali chini, karibu na ufizi, mahali ambapo jicho halifiki.

"Sasa, Sheikh," akasema yule mama, "madaktari wawili, kinywa kimoja, hukumu mbili. Nimwamini yupi?"

Nikamjibu, "Mama, mimi si tabibu. Nipe siku kadhaa niwaulize wanaojua." Nikauliza, nikasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyotambua kwamba swali lake halikuwa mbali na kitabu kama alivyodhani. Tangu tukiwa chuoni tulifundishwa kanuni ya mafakihi kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mtu aliyetawadha kwa yakini, kisha akashuku kama udhu wake umetenguka, hubaki na udhu wake mpaka apate yakini nyingine. Tukafundishwa pia kwamba hukumu haitolewi bila ushahidi, na kwamba mashahidi hawalingani. Tabibu anayelitazama jino lililozibwa yumo katika hali iyo hiyo. Mbele yake pana shaka, na mkononi ana mashine ya kuchimbia. Swali la kumuuliza ni moja: ushahidi wako ni upi?

Kwa nini jino lililozibwa huoza tena

Tabaka la nje la jino huitwa enameli, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu. Chini yake pana dentini, iliyo laini zaidi, na ndani kabisa mna mishipa ya damu na ya fahamu. Vijidudu vinavyoishi katika utando unaoganda juu ya meno hula sukari tunayoila sisi, kisha hutoa asidi. Asidi hiyo huyeyusha madini ya jino kidogo kidogo mpaka shimo likatokea.

Tabibu anapoziba jino huondoa sehemu iliyooza na kujaza pengo. Pengo limejazwa, lakini maradhi yenyewe hayajaondoka kinywani. Ikiwa chai ni yenye sukari ileile, halua na kaimati ni zilezile, na mswaki unapita mbio mbio kama jana, basi asidi itaendelea na kazi yake. Na mahali pepesi pa kuanzia ni pale kizibo kinapokutana na jino, kwa kuwa hapo pana mshono, na penye mshono utando hupata maficho. Wataalamu huuita uozo wa pili, nao wanasisitiza kwamba si maradhi mengine, bali ni yaleyale ya kwanza yaliyopata mahali papya.

Uozo huu wa pili ni miongoni mwa sababu zinazotajwa zaidi na madaktari wa meno duniani wanapobadilisha vizibo. Mtafiti Ivar Mjör, aliyelifuatilia suala hili kwa miaka mingi, alionyesha kwamba aghalabu hutokea kwenye ukingo wa chini wa kizibo, upande wa ufizi, hasa baina ya jino na jino. Huko mswaki haufiki, na huko ndiko kazi ya kuziba ilivyo ngumu, kwani mate na damu humsumbua tabibu wakati anapojaza.

Msomaji na azingatie jambo hili, maana ndilo mzizi wa habari yote. Mahali panapooza zaidi ni pale tusipopaona. Na pale tunapopaona, yaani juu ya gego panapong'aa kwenye kioo, ndipo mistari na madoa hujitokeza kwa wingi bila ya kuwepo uozo.

Shahidi wa kwanza: jicho

Shahidi wa kale kuliko wote ni jicho la tabibu. Ushahidi wake una sharti. Jino lisafishwe utando, likaushwe kwa upepo, na limulikwe kwa taa kali. Jino lililolowa mate huficha mengi, na anayetazama harakaharaka jino chafu hajatazama.

Jicho linatafuta nini? Linatafuta shimo lililo wazi kwenye ukingo wa kizibo. Linatafuta kivuli cha kijivu kinachoonekana chini ya enameli, au doa jeupe lililofifia mfano wa chokaa, ambalo ni alama ya madini kuanza kuondoka. Linatazama pia kama kizibo kimevunjika, kimelegea au kimeacha pengo.

Rangi peke yake ni jambo jingine. Vizibo vya rangi ya fedha huitwa amalgamu, navyo ni mchanganyiko wa zebaki na madini kama fedha, bati na shaba. Vikikaa kinywani miaka mingi hupata kutu, na kutu hiyo huweza kulitia jino rangi ya kijivu bila ya uozo wowote. Vizibo vyeupe, viitwavyo kompositi, hugandishwa kwenye jino kwa gundi maalumu, na ukingoni hushika rangi ya chai, kahawa na viungo vya mapishi yetu. Mwenye kunywa chai ya rangi kutwa mara nne asistaajabu kuuona mstari wa hudhurungi.

Katika miaka ya 1990, Profesa Edwina Kidd na wenzake mjini London walilipima jambo hili kwa njia iliyo wazi. Walichukua chembe za jino kutoka kwenye kingo za vizibo na kuhesabu vijidudu vilivyomo. Wakakuta kwamba rangi peke yake haikuweza kuwaambia wapi pana uozo. Kandoni mwa amalgamu, ufa mwembamba haukuwa dalili ya kutegemewa. Ufa uliozidi upana wa milimita 0.4, au shimo lililo wazi, ndio uliokwenda pamoja na wingi wa vijidudu. Kandoni mwa vizibo vyeupe, mstari wa rangi haukuwa ushahidi, bali shimo lililo wazi ndilo lililokuwa ushahidi.

Kwa hiyo tabibu yule wa kwanza, aliyetoa hukumu kwa mstari mweusi pekee, alimsikiliza shahidi mmoja, tena katika jambo ambalo shahidi huyo hajulikani kwa uaminifu.

Shahidi wa pili: ncha ya chuma

Wengi wetu tunakikumbuka kile chuma chembamba chenye ncha kali. Tabibu alikuwa akikikita ukingoni mwa kizibo, na kikinasa, husema, "Hapa pameoza." Leo tunajua kwamba ncha kali hunasa penye ufa wowote, uwe na uozo au usiwe nao. Na kuna dhara juu ya hilo: enameli iliyoanza kulainika, ambayo huenda ingeimarika tena kwa floraidi na usafi, huweza kubomoka kwa kuchokolewa.

Chombo hicho hakijatupwa, ila kimebadilishiwa kazi. Madaktari wengi sasa hutumia chenye ncha ya mviringo, nao hupapasa polepole kutambua kama sehemu ni laini au ngumu, kama ukingo una ngazi, kama chakula kinaweza kujificha. Kupapasa huko husaidia jicho, lakini hakutoshi kuwa hukumu peke yake.

Shahidi wa tatu: picha ya eksirei

Mwaka 1895 Wilhelm Röntgen aligundua huko Ujerumani miale iliyoweza kupenya nyama na kuonyesha mifupa. Miaka 30 baadaye, mwaka 1925, tabibu wa meno wa Marekani aitwaye Howard Raper akaeleza namna ya kupiga picha ambayo mgonjwa huuma kibawa kidogo kilichoshika filamu. Picha hiyo ya kuuma inatumika hadi leo. Inaonyesha meno ya juu na ya chini kwa pamoja, na juu ya yote inaonyesha baina ya jino na jino na ukingo wa chini wa kizibo, yaani pale hasa ambapo uozo wa pili hupenda kuanzia. Picha ya namna hii ndiyo iliyoonyesha uozo wa gego la tatu la yule binti.

Hata hivyo shahidi huyu naye ana mipaka yake, na ni vyema tuijue.

Kwanza, hauoni uozo mchanga. Sharti jino lipoteze madini mengi kabla ya weusi kuonekana pichani, na aghalabu uozo halisi huwa mkubwa kuliko unavyoonekana. Pili, amalgamu huzuia miale kabisa, hivyo uozo uliojificha mbele au nyuma yake hauonekani. Tatu, picha ikipigwa kwa pembe mbaya, meno hupandana na ushahidi ukapotea. Nne, na hili ndilo la kuzingatia zaidi, picha huweza kusema yasiyokuwepo. Gundi iliyojikusanya chini ya kizibo cheupe huonekana nyeusi kama pengo. Macho yetu pia hudanganyika: penye weupe mkali kandoni mwa kijivu, jicho huona ukanda mweusi ambao haupo. Anayeisoma picha sharti ayajue hayo.

Dawa ya mengi katika hayo ni picha ya zamani. Weusi uliokuwepo miaka mitatu iliyopita na ambao haujaongezeka hata kidogo, huenda ni gundi au kivuli tu. Weusi ambao haukuwepo kisha ukatokea, au uliokuwa mdogo kisha ukapanuka, huo ni ushahidi wenye nguvu. Kwa sababu hiyo nawausia akina mama: picha za meno za watoto wenu zihifadhini kama mnavyohifadhi vyeti vya kuzaliwa. Mkihama kutoka tabibu mmoja kwenda mwingine, ziombeni, mziandike tarehe, mwende nazo.

Kuhusu mionzi, wengi huogopa. Kiasi cha mionzi katika picha mbili au nne za kuuma ni kidogo mno. Hukaribia kile ambacho kila mwanadamu hukipata kutoka ardhini na angani kwa siku moja au siku chache. Hata hivyo udogo wake hauhalalishi kuipiga bila sababu. Miongozo ya Marekani, kwa mfano, husema kwamba mtu mzima asiye na uozo mpya wala hatari kubwa hutosheka na picha za kuuma kila baada ya miezi 24 hadi 36, ilhali mwenye uozo au aliye katika hatari hupigwa kila baada ya miezi 6 hadi 18. Tabibu akitaka kupiga picha, ni haki yako kumuuliza anatafuta nini.

Mashahidi wapya: mianga

Katika miaka ya karibuni zimeingia ala zinazotumia mwanga. Moja hupeleka mwanga mwekundu wa leza ndani ya jino na kupima mng'ao unaorudi, kwa kuwa mabaki ya vijidudu hung'aa kwa namna yake. Ala hiyo humpa tabibu nambari, na nambari ikipanda hushukiwa uozo. Nyingine humulika mwanga wa buluu, na sehemu iliyopoteza madini huonekana imefifia. Njia iliyo rahisi zaidi ni kuweka taa kali nyuma ya jino. Mwanga ukipita, uozo huonekana kama kivuli. Hii hufaa zaidi kwa meno ya mbele na vizibo vyeupe, kwani amalgamu haipitishi mwanga.

Uzuri wa njia hizi ni kwamba hazina mionzi ya eksirei. Ila yeyote anayeambiwa, "Mashine imesema jino limeoza," na afahamu kwamba mashine hiyo haitambui uozo wenyewe, bali mng'ao. Baadhi ya vizibo vyeupe hung'aa vyenyewe. Madoa, ukoko na hata mabaki ya dawa ya kusugulia meno huweza kupandisha nambari. Kandoni mwa kizibo, nambari hizo zasomwa kwa tahadhari kubwa kuliko juu ya jino zima.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha mapitio ya tafiti nyingi zilizopima njia hizi. Waliona kwamba kutazama kwa jicho, picha ya eksirei na ala ya leza zaweza kufaa. Lakini nyingi ya tafiti hizo zilifanywa juu ya meno yaliyokwisha kung'olewa, yaliyowekwa mezani maabarani, na jino la mezani halina mate, shavu wala ulimi.

Hesabu ya kosa

Huenda msomaji akasema: kama njia yenyewe hupatia mara nyingi, wasiwasi ni wa nini? Hebu tufanye hesabu ndogo, ya mfano tu.

Tuseme tuna vizibo 100, na kati ya hivyo 10 ndivyo vilivyooza ukingoni. Tuseme njia yetu ya uchunguzi hukamata uozo mara 8 kati ya 10, na pale pasipo uozo husema kweli mara 8 kati ya 10. Ni shahidi mzuri, sivyo? Sasa tazama. Katika vile 10 vilivyooza, itakamata 8. Katika vile 90 vizima, itakosea sehemu mbili katika kumi, yaani vizibo 18 vizima vitahukumiwa kuwa vimeoza. Jumla ya vilivyohukumiwa ni 26, na 18 kati yake havina hatia.

Ndiyo maana shahidi mmoja hatoshi pale ambapo wengi ni wazima. Jicho, kupapasa, picha, picha ya zamani na hali ya mgonjwa mwenyewe zikikubaliana, hapo shaka hukaribia kuwa yakini. Mtu asiyepata uozo mpya kwa miaka, asiyekula tamu ovyo, anayepiga mswaki vyema, mstari kandoni mwa kizibo chake husomwa kwa namna moja. Mtu mwenye mashimo mapya kila mwaka, mwenye kinywa kikavu, au anayetafuna muguka usiku huku akinywa soda, mstari uleule husomwa kwa namna nyingine.

Makosa mawili, na yote mawili nimeyaona

Sisemi haya kwa kusikia tu. Nilipokuwa kijana nilizibwa gego la chini kwa amalgamu ndogo, kama punje ya mtama. Miaka michache baadaye tabibu wa mahali fulani akauona ufa mwembamba, akaichimbua, akaweka kubwa zaidi. Baadaye mwingine naye akaona lake. Kila kizibo kinapotolewa, sehemu ya jino zima huondoka nacho, kwa kuwa mashine haiwezi kufuata ukingo kwa usahihi wa unywele. Mara ya tatu jino lilibaki kuta nyembamba mithili ya kifuu cha nazi. Likapasuka mchana mmoja nilipokuwa nikila mkate wa mofa, likang'olewa. Hakuna aliyenipiga picha hata mara moja, nami sikujua kuuliza. Leo sijui kama jino lile liliwahi kuoza kwa mara ya pili.

Kosa la pili nililiona nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa na gego lililozibwa ambalo halikumuuma kabisa. Aliona tu kwamba uzi wa meno ulikatika kila alipoupitisha hapo, na nyuzi za nyama zilinasa. Nikamwambia, "Kama haliumi, liache." Nilikosea. Alipopigwa picha, uozo ulikuwa umefika karibu na mshipa wa fahamu. Kutouma si dalili ya uzima. Uozo hauumi mwanzoni, na jino likifa ndani huacha kuuma ilhali usaha unajikusanya.

Basi kanuni ya yakini na shaka isichukuliwe kuwa kisingizio cha kukaa. Shaka haihukumu, lakini shaka huwajibisha uchunguzi. Atakayeona mwezi umefunikwa na wingu hatangazi Idi, wala harudi kulala, hutafuta habari.

Kurekebisha kabla ya kubomoa

Hata pale uozo unapothibiti, kizibo kizima si lazima kibomolewe. Nyumba ikivuja kona moja ya paa, mwenye akili haezui paa lote. Tabibu huweza kuchimba ile sehemu iliyooza tu na kuijaza, na sehemu iliyo imara akaiacha. Ukingo wenye ngazi huweza kulainishwa, na mstari wa rangi hung'arishwa. Palipo na ufa bila uozo hufunikwa kwa gundi maalumu, au huachwa na kuangaliwa tena baada ya miezi kadhaa. Mwaka 2019 Shirikisho la Dunia la Madaktari wa Meno, FDI, lilitoa tamko la kuunga mkono kurekebisha vizibo panapofaa badala ya kuvibadilisha vyote.

Kubadilisha kizima kuna wakati wake: uozo ukienea chini ya kizibo, kizibo kikilegea, au jino likipasuka. Hapo kuchelewa ndilo dhara.

Kwa akina mama na dada zetu

Dada mwenye mimba asiache kutibiwa meno kwa hofu. Amweleze tabibu hali yake mapema. Picha ya jino haielekezwi tumboni, na kiasi kinachofika huko ni kidogo mno. Picha inayoweza kusubiri isubiri, na inayohitajika kwa matibabu ipigwe. Kichefuchefu na kutapika kwa mimba huleta asidi kinywani, basi asukutue kwa maji kwanza, wala asipige mswaki papo hapo.

Mwanamke anayeona haya kufunua uso na kinywa mbele ya mwanamume anaweza kumtafuta tabibu wa kike, nao wapo katika miji yetu, au kufuatana na maharimu wake. Haya ni katika imani, lakini haikuwekwa ili maradhi yafichwe.

Na kuhusu Ramadhani, wapo wanaoahirisha kila kitu mpaka Mfungo Mosi. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, lilikata kwamba kuchimba jino, kuling'oa au kulisafisha hakubatilishi saumu, maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Kutazamwa na kupigwa picha ni kwepesi zaidi ya hayo. Anayehofia kumeza maji na aende baada ya kufuturu, au achague siku nyingine, lakini asikae mwezi mzima na jino linalooza.

Maswali ya kwenda nayo kwa tabibu

Kabla ya yote, hakikisha kwamba anayekutibu amesajiliwa na baraza la serikali linalosimamia madaktari na madaktari wa meno hapa Kenya. Kisha akikwambia kwamba kizibo kibadilishwe, muulize kwa adabu:

Uozo uko wapi hasa, na umeuonaje? Naomba unionyeshe kwa kioo au pichani.

Je, pana shimo au ulaini, au ni rangi tu?

Je, picha ya zamani inaonyesha tofauti?

Je, yawezekana kurekebisha sehemu hiyo tu?

Tukisubiri miezi sita na kutazama tena, hatari yake ni ipi?

Tabibu mwaminifu hakasiriki kwa maswali haya. Nilioongea nao walisema huwafurahia wagonjwa wanaouliza. Na nyumbani, jichunguze mwenyewe: uzi unaokatika mahali pamoja, chakula kinachonasa, ukingo ambao ulimi hauuzoei, ubaridi unaochoma, harufu isiyoondoka. Ukiona mojawapo, usingoje maumivu.

Lililo bora kuliko uchunguzi wote ni kutouacha uozo uanze. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alihimiza sana mswaki, akausisitiza katika kila sala. Tupige mswaki asubuhi na kabla ya kulala kwa dawa yenye floraidi, tupitishe uzi baina ya meno, na tuipe tamu wakati wake pamoja na chakula, isiwe ya kutafunwa kutwa. Mabuyu ya rangi na peremende zinazokaa shavuni mwa mtoto saa nzima ndizo zinazowapa vijidudu karamu.

Yule mama nilimrudia na haya. Akampeleka binti yake kwa tabibu wa pili, likarekebishwa gego lile moja, sehemu ya chini tu. Yale mawili mengine yamepigwa picha, zikaandikwa tarehe, na yatatazamwa tena baada ya mwaka. Mistari yake myeusi bado ipo, na binti anacheka bila ya wasiwasi.

Mwili ni amana, na jino ni sehemu ya amana hiyo. Mwenyezi Mungu atujaalie afya, na awape matabibu wetu elimu na uaminifu. Wabillahi tawfiq.